Betri ya Kumbukumbu

Kwenye kituo cha vijana ninakofanya kazi, hapa kambini mkoani Kigoma, kuna meza moja ya ufundi. Juu yake kuna chuma cha kuchomea solda, mita moja ya kupimia umeme, bisibisi nne na mkebe wa skrubu. Watu huleta redio, simu na taa za sola. Swali lao huwa moja: kitu hiki kinatengenezeka, au kimekufa?

Neno "kimekufa" ni jepesi sana mdomoni. Mimi nimelitamka mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Makala hii ni juu ya neno hilo, ila nitapita njia ndefu, mpaka Chicago, Marekani, kwenye mashine za mchezo ambazo mimi mwenyewe sijawahi kuzigusa. Nimezijua kwa sababu kaka yangu mkubwa, aliyepata nafasi ya kwenda nchi ya tatu, sasa anaishi jimbo la Illinois, na siku za Jumamosi humsaidia mzee mmoja anayefufua mashine hizo gerejini kwake. Kaka alianza kunitumia picha za bodi na ujumbe wa sauti. Nikavutika, nikaanza kusoma. Kwa mwaka mzima nimekuwa nikipakua michoro ya mashine za zamani kwenye simu, usiku, bando linapokuwa nafuu. Vijana wangu wananicheka: bwana huyu anasomea kutengeneza kitu ambacho hakipo kambi nzima! Wacheke tu. Mwisho wataona nilikuwa naelekea wapi.

Mashine yenyewe inaitwa pinboli. Wenzetu waliosoma kwa Kifaransa huenda wanaijua kwa jina la flipper. Ni meza iliyoinama kidogo, imefunikwa kioo, ina miguu minne. Mchezaji anavuta fimbo yenye springi, gololi ya chuma inaruka juu, halafu inashuka ikigonga vitu vinavyoongeza alama. Kule chini kuna vibawa viwili vya kuirudisha juu. Ikikupita katikati, ndiyo basi, umeipoteza.

Babu wa mchezo huu ni bagatelle, mchezo wa meza wa Ufaransa wa karne ya 18. Mwaka 1871 Montague Redgrave wa Cincinnati alipata hataza ya kuuboresha, na humo ndimo ilimokuwa ile fimbo ya springi. Lakini biashara kubwa ilianza mwaka 1931, uchumi wa Marekani ukiwa umeanguka na watu wengi hawana kazi. David Gottlieb wa Chicago alitoa Baffle Ball. Muda si mrefu Raymond Moloney, naye wa Chicago, akatoa Ballyhoo, na kutokana na mchezo huo kampuni yake ikaitwa Bally. Kwa senti moja mtu asiye na kazi alipata gololi kadhaa na dakika chache za kusahau shida. Nadhani sisi wa kambini hatuhitaji kuelezwa thamani ya dakika hizo.

Mwanzoni hapakuwa na umeme kabisa. Mwaka 1933 Harry Williams alitengeneza Contact, mashine iliyotumia betri: gololi ikiingia kwenye shimo, koili inaipiga teke inatoka. Williams huyo huyo ndiye anayetajwa kuwa alibuni kifaa cha kumnasa mchezaji anayeinua au kutikisa meza kwa nguvu ili apendelewe. Mwaka 1947 kampuni ya Gottlieb ikatoa Humpty Dumpty, kazi ya Harry Mabs, iliyokuwa na vibawa sita vya umeme. Hapo mchezaji akapata mkono ndani ya mchezo. Kabla ya hapo alikuwa anarusha, anasukuma meza kidogo, anaomba Mungu.

Hiyo "kuomba Mungu" iliwaletea matatizo. Mwaka 1942 meya wa New York, Fiorello La Guardia, alipiga marufuku pinboli. Aliiona ni kamari inayochukua senti za watoto wa shule. Polisi walizivunja mashine kwa nyundo kubwa, meya mwenyewe akapigwa picha akizipiga. Marufuku hiyo ilidumu mpaka 1976. Mwaka huo kijana mwandishi, Roger Sharpe, alicheza mbele ya madiwani wa jiji kuthibitisha kwamba ni mchezo wa ustadi. Alitangaza kwanza gololi itapita njia ipi, halafu akavuta fimbo, na gololi ikapita pale pale. Marufuku ikaondolewa. Kila ninapomsikia mtu mzima hapa kambini akisema vijana wanaocheza mchezo fulani ni wahuni, nawakumbuka madiwani wale. Wao angalau walikubali kuona kwa macho kabla ya kuamua.

Sasa nije kwenye bodi, maana ndiyo habari yenyewe.

Kwa miaka mingi mashine za pinboli ziliendeshwa kwa umeme na chuma, bila chipu hata moja. Ndani yake kulikuwa na koili, swichi za mabapa membamba, rilei, na magurudumu yanayohesabu kwa kusogea jino moja moja. Rilei ni swichi inayovutwa na sumaku ya umeme. Mchezaji akipata alama 50, kimota kinazunguka, swichi zinagusana mara tano, gurudumu la alama linasogea mara tano. Ukifungua mashine ya namna hiyo unakuta kilomita za waya, au ndivyo macho yanavyokuambia, lakini hakuna siri. Fundi anatazama, anaona rilei ipi imenata, anasafisha mdomo wa swichi kwa kijitupa chembamba, anapinda bapa kidogo, kazi imekwisha. Macho, masikio na subira vinatosha.

Mambo yakageuka katika miaka ya 1970. Mwaka 1974 Dave Nutting na Jeff Frederiksen walichukua mashine ya Bally iitwayo Flicker, wakatoa zile rilei, wakaweka chipu ya Intel 4004. Mwaka 1975 kampuni ndogo ya Mirco Games ikatoa Spirit of 76, pinboli ya kwanza ya kompyuta kuuzwa sokoni. Wakubwa wakafuata: Bally na Freedom, kisha mwaka 1977 Williams na Hot Tip, na Gottlieb na Cleopatra. Freedom na Hot Tip zilitoka kwa matoleo mawili, moja la rilei na moja la chipu, kwa sababu si kila mwenye biashara aliiamini kompyuta.

Hebu fikirini hali ya fundi wa wakati ule. Amefanya kazi miaka 20 na kitupa chake mfukoni. Leo anafungua mashine, kilomita zile zimepungua, na badala yake kuna mabodi machache ya kijani yamekaa kimya. Chipu iliyoungua na chipu nzima zinafanana. Macho hayamsaidii tena. Nafikiri wengi walisema lile neno letu: hii imekufa, haitengenezeki.

Lakini waliochora mabodi yale walimfikiria. Chukua bodi kuu ya Bally ya kuanzia 1977. Akili yake ni chipu ya Motorola 6800. Pembeni kuna chipu za kuhifadhi programu, chipu mbili za kumbukumbu, na chipu mbili za kupokea na kutoa amri. Na kwenye bodi wameweka kitaa kimoja chekundu kidogo. Ukiwasha mashine, bodi inajipima yenyewe, na kitaa kinatoa ripoti. Kinamemeta haraka mara moja, kisha kinawaka mara saba, kimoja kimoja. Cha kwanza: programu ni nzima. Cha pili na cha tatu: chipu za kumbukumbu zinafanya kazi, moja baada ya nyingine. Cha nne na cha tano: chipu za kupokea na kutoa amri. Cha sita: saa ya kuendeshea tarakimu za alama. Cha saba: umeme wa koili, kama volti 43, umefika. Kikisimama baada ya mara tatu, fundi anajua tatizo liko hatua ya nne. Hahitaji kubahatisha. Bodi imemwambia inapoumwa.

Kaka aliponieleza jambo hili kwa sauti, nilirudia kusikiliza mara nyingi. "Mdogo wangu," alisema, "huku mzee anahesabu kitaa kama nesi anavyohesabu mapigo ya mtoto. Haongei mpaka ahesabu."

Ugonjwa mkubwa wa mabodi haya ndio ulionipa kichwa cha makala. Moja ya chipu zile za kumbukumbu ilipewa kazi ya kutunza mambo hata mashine ikizimwa: alama za juu kabisa, mipangilio ya mwenye mashine, hesabu ya michezo iliyochezwa. Chipu hiyo ikikosa umeme inasahau. Kwa hiyo Bally waliweka betri ya kuchajiwa ya volti 3.6, wakaichomelea juu ya bodi yenyewe. Williams waliweka betri tatu ndogo kama za tochi, nazo kwenye bodi.

Betri huzeeka. Ikizeeka inavuja, na kinachovuja ni dawa kali ya jamii ya magadi, siyo asidi kama wengi wanavyodhani. Inatambaa juu ya bodi, inakula njia za shaba, inapanda miguu ya chipu, inaingia ndani ya soketi. Inaacha unga mweupe na kutu ya kijani. Kwenye bodi za Bally sehemu iliyo jirani na betri ndiyo inayoiamsha kompyuta umeme unapowashwa, kwa hiyo bodi inakuwa kama mtu asiyeamka asubuhi. Kitaa hakimemeti hata mara moja. Yaani kile kilichowekwa kulinda kumbukumbu ndicho kilichoiua mashine. Mashine nyingi ziliachwa stoo miaka na miaka, betri ikiwa ndani, na hakuna aliyezigusa. Hazikuharibiwa na wachezaji. Ziliharibiwa na kusahauliwa.

Tiba yake ni ya mikono, na nitaieleza kama nilivyoelezwa, kwa sababu inafaa hata kwa vitu vyetu. Kwanza betri inakatwa na kutolewa, na haitupwi ovyo, maana betri hizo zina kadimi, ambayo ni sumu. Pili, sehemu iliyoliwa inapakwa siki. Siki ni asidi nyepesi, inavunja nguvu ya ile dawa ya betri. Isipofanyika hivyo, kutu inaendelea hata betri ikiwa haipo. Tatu, bodi inaoshwa kwa maji safi kuondoa siki, kisha kwa spiriti ili ikauke vizuri. Nne, soketi na vipuri vilivyoliwa vinang'olewa, shaba inakwanguliwa taratibu mpaka ing'ae, kwa sababu solda haishiki juu ya kutu. Tano, kila njia ya shaba inapimwa kwa mita. Iliyokatika inaungwa kwa waya mwembamba kutoka mwanzo wake hadi mwisho wake. Ndipo vipuri vipya vinawekwa, na kitaa kinahesabiwa tena.

Magonjwa mengine ni ya kawaida zaidi. Viunganishi vya waya hupata joto na kulegea. Mashine za Williams za miaka ile zilikuwa na kiunganishi cha pini 40 kati ya bodi ya akili na bodi ya nguvu, na kila pini ni mahali pa kukosea. Solda ya pini hupasuka ufa mdogo wa duara ambao huuoni mpaka utumie kioo cha kukuzia. Halafu kuna transista zinazoamuru koili. Koili ikizimwa ghafla inarudisha teke la umeme, na dayodi ndogo iliyofungwa kwenye koili ndiyo inayolimeza teke hilo. Dayodi ikikatika, transista inakufa, na mara nyingi ikifa inabaki imefunguka. Koili inavutwa muda wote, inapata moto, inatoa moshi.

Fundi mvivu anabadilisha transista peke yake. Mashine inafanya kazi saa moja, inakufa tena, naye analaumu spea mbovu. Fundi mzuri anauliza: nani aliyeiua transista? Anapima koili na dayodi kwanza. Na mjinga kuliko wote ni yule anayeona fyuzi inakatika akaweka kubwa zaidi, au akaifunga kwa karatasi ya sigara yenye madini. Fyuzi ilikuwa inapiga kelele, yeye akaiziba mdomo. Hilo nimeliona hapa kambini, kwenye mashine ya kunyolea. Tulishukuru tu kwamba kilichoungua ilikuwa meza.

Baada ya kutengeneza kuna kuboresha, na hapo ndipo mafundi wa pinboli wanapogombana. Wengine hawairudishi betri kwenye bodi kabisa. Wanaweka kikasha cha betri mbali, kwa waya mrefu, ili ikivuja ivujie mbali. Wengine wanaondoa ile chipu ya kumbukumbu na kuweka ya kisasa inayokumbuka bila umeme wowote. Wengine wanaongeza waya za ziada za kurudishia umeme chini, kwa sababu viwanda vilitegemea pini moja mahali ambapo zilihitajika mbili au tatu. Kuna wanaobadilisha balbu za zamani kuweka taa za LED, ambazo hazina joto kali na hazichoshi viunganishi. Na kuna kampuni ndogo zinazotengeneza bodi mpya kabisa, zinazoingia kwenye nafasi ya ile ya 1978 na kucheza mchezo ule ule.

Upande mmoja unasema: mashine ya kale ibaki kama ilivyotoka Chicago. Upande wa pili unasema: mashine isiyochezeka ni kabati. Mimi nilikuwa upande wa pili moja kwa moja, mpaka kaka aliponieleza habari ya taa za LED. Kwenye mashine za Bally za wakati ule balbu huwashwa na kifaa kinachohitaji umeme wa kiasi fulani upite ndani yake ndipo kibaki wazi. LED inakula umeme mdogo mno, kile kifaa kinajifunga na kujifungua, taa inacheza-cheza. Inabidi kuongeza resista ili kuwe na mzigo wa kutosha. Yaani hata kuboresha kunataka uelewe yule wa kwanza alikuwa anafikiri nini. Huwezi kumrekebisha mtu ambaye hujamsikiliza.

Kampuni zenyewe ziliishia wapi? Mwaka 1988 Williams ilichukua biashara ya pinboli ya Bally. Mwaka 1992 ilitoka The Addams Family, kazi ya Pat Lawlor, ikauza mashine zaidi ya 20,000, na watu wakadhani neema haitaisha. Ikaisha. Michezo ya video iliingia kila nyumba. Jina la Gottlieb lilifunga kazi mwaka 1996, na mwaka 1999 Williams ikaacha pinboli. Ilibaki kampuni moja kubwa tu, Stern Pinball, huko huko Chicago.

Hapa ndipo jambo linaponishangaza. Waliozitengeneza hawapo kazini, viwanda vimefungwa, lakini mashine za 1977 bado zinacheza. Las Vegas kuna jumba liitwalo Pinball Hall of Fame, lililofunguliwa na Tim Arnold mwaka 2006, ambapo mashine za zamani hazijafungiwa kwa kamba. Unaweka sarafu, unacheza. Zimewezaje kuishi kuliko kampuni zilizozizaa?

Nimelitafakari hilo, na naona sababu nne. Moja, mchoro. Mashine iliuzwa pamoja na kitabu na mchoro wa umeme, kila waya na rangi yake, kila chipu na namba yake. Aliyenunua mashine alinunua na maarifa yake. Mbili, skrubu. Kila bodi inafunguliwa kwa bisibisi, na vipuri vyake vina miguu inayopita kwenye matundu, inayong'oka kwa mkono wa kawaida. Tatu, vipuri vya kawaida. Chipu zao nyingi zilikuwa za sokoni, zilizotumika pia kwenye kompyuta na mitambo mingine, na bodi ile ile ya Bally ilitumika kwenye michezo mingi tofauti. Nne, watu. Mafundi waliandika walichojua na kupeana. Mzee wa kaka yangu ana daftari la tangu ujana wake, na kila kosa alilofanya ameliandika humo.

Sasa nirudi kwenye meza yetu.

Mwaka juzi, kabla sijajua lolote kuhusu pinboli, mama mmoja wa mtaa wetu alikuja na taa ya sola ya msaada. "Mwanangu, nitazamie hii taa. Mtoto ana mtihani wa taifa." Taa ile haikuwa na skrubu hata moja. Ilikuwa imegandishwa kwa gundi. Nikaipasua kwa kisu. Ndani nikaona betri ndogo zimevuja, unga mweupe, kutu ya kijani imepanda kwenye bodi. Sikupima kitu. Nilitazama tu, kama fundi wa zamani aliyezoea rilei. Nikamwambia, "Mama, hii imekufa."

Akasema, "Haya, mwanangu, Mungu atajalia." Wiki ile aliuza sehemu ya unga wa mgao akanunua taa nyingine ndogo ya sokoni. Nilijua kwa sababu binti yake alikuja kituoni na njaa.

Miezi ikapita. Siku moja kaka akanitumia picha ya bodi ya Bally ya mwaka 1978. Unga mweupe, kutu ya kijani, soketi zimeliwa, mbaya kuliko ile taa mara kumi. Wiki mbili baadaye akatuma video fupi. Kitaa chekundu kikamemeta, kikawaka moja, mbili, tatu, mpaka saba. Wote gerejini walisikika wakipiga makofi. Mimi sikupiga. Nilikuwa naiwaza taa.

Kesho yake nilikwenda kwa yule mama nikamwomba taa yake ya zamani. Akanitazama kwa mshangao. "Ile niliitupa shimoni. Si ulisema imekufa?"

Hakuwa na hasira. Ingekuwa afadhali angekuwa nayo.

Bodi yenye chipu na njia nyingi za shaba, iliyolala na betri iliyovuja miaka na miaka, ilifufuliwa kwa siki, mita na subira. Taa yenye bodi ya ukubwa wa kiganja, yenye vipuri vichache, niliizika kwa neno moja. Tofauti haikuwa utajiri wa Marekani peke yake. Siki tunayo. Spiriti tunayo. Mita tunayo. Nilichokosa ni mchoro, na ile desturi ya kutosema kabla ya kupima. Mchoro ulikuwa kosa la waliotengeneza taa. Kutopima kulikuwa kosa langu.

Tangu siku hiyo meza yetu ina sheria. Hakuna anayeruhusiwa kusema "imekufa" kabla ya kutoa betri, kusafisha, kupima njia zote, na kumwonyesha mwenzake. Betri zilizovimba au zenye alama ya lithiamu hatuzitoboi wala kuzichomea, tunaziweka pembeni kwenye ndoo ya mchanga. Si kila kitu kinapona. Vingine vinakufa kweli, na tunamwambia mwenyewe hivyo. Lakini tunamwambia pia kimekufa kwa nini, na vipuri vilivyo hai tunavitunza kwenye mkebe.

Kwa ndugu zetu wa mashirika mnaosoma kijarida hiki, ombi langu ni dogo. Mnapochagua taa za kugawa, geuzeni taa chini mtazame kama ina skrubu. Ulizeni kama betri inatoka. Ulizeni kama mchoro wake unaweza kuwekwa ndani ya boksi, karatasi moja tu, kama walivyofanya Chicago kwenye mashine ya kuchezea. Ikiwa mchezo wa sarafu ulistahili heshima hiyo, taa ya mtoto anayesomea mtihani inastahili zaidi.

Na kwa sisi wenyewe: tumeanza daftari. Vijana wanachora kwa penseli kila bodi ya taa tunayoifungua, njia kwa njia, kipuri kwa kipuri, na pembeni tunaandika ugonjwa tuliokuta na tulichofanya, hata tulipokosea. Ukurasa wa kwanza nimeuandika mimi. Ni ile taa ya yule mama, kama ninavyoikumbuka, na mchoro wake haujakamilika. Mpaka sasa tumefikia bodi za aina sita. Daftari lipo mezani kituoni, limefungwa kwa kamba lisipotee. Mwenye taa ambayo hatujaichora, aje nayo, hata kama keshaambiwa imekufa.